Kengele Iliyokatwa Kwenye Stempu

Siku tatu sikulala vizuri kwa sababu ya neno moja nililolijibu haraka.

Mwalimu wangu wa kuchora, akiwa mgonjwa kitandani kwake Mji Mkongwe, alinituma kwa Bi Zuhura, jirani yetu wa Jang'ombe, nikamwombee radhi. Hilo peke yake si kubwa. Watu huombana radhi wakisafiri, wakiugua, Ramadhani ikikaribia, na anayeombwa hujibu "nshakusamehe" hata kabla hujamaliza. Lakini Mwalimu alikuwa ameshanieleza radhi hiyo ni ya nini, kisha akanikataza nisimweleze mwenyewe. Nami nikajibu, "Naam, Mwalimu," kama nilivyokuwa nikijibu darasani.

Bi Zuhura hana vidole vitatu vya mkono wa kulia. Vilikatwa na mashine katika kiwanda cha ndara alichofanyia kazi ujanani. Mtaa mzima unajua kwamba vilikatika kwa sababu alisinzia, na unajua hivyo kwa sababu mwenyewe ndiye anayesimulia. Hakusinzia. Sasa tulikuwa tunajua watu wawili, mimi na Mwalimu, na mwenye mkono hajui.

Nikimwambia, huenda akakataa kusamehe, na Mwalimu akaondoka duniani na haki ya mtu shingoni. Nisipomwambia, atasamehe hapo hapo asichokijua, na ataingia kaburini akijilaumu kwa kosa la mwenzake. Nimesoma miaka mitatu chuoni, nikaandika kurasa nyingi juu ya mambo ya watu waliokufa zamani, na hakuna hata ukurasa mmoja ulionisaidia.

Nataka kwanza nimweleze Mwalimu mwenyewe. Naogopa kwamba mtu akielezwa kwa jambo lake baya tu, basi hilo ndilo litakalobaki. Naogopa vilevile kwamba nikimpamba nitakuwa natafuta mlango wa kutokea. Nitasema niliyoyaona.

Alitufundisha miaka minne. Muhula wa kwanza wote tulichora mikono yetu ya kushoto. Mkono umekunjwa, mkono umekunjuliwa, mkono umeshika chaki, mkono umelala juu ya dawati kama kitu kilichosahauliwa. "Uko nao saa zote," alisema, "na hujawahi kuutazama." Rafiki yangu mmoja alipochoka aliuliza, "Mwalimu, na miguu lini?" Akamjibu bila kugeuka, "Miguu mtachora mkistaafu." Alikuwa akipita nyuma yetu na kuhesabu vidole kwa ncha ya penseli, kimoja kimoja, hata kwenye michoro ambayo mtoto wa chekechea angeona kuwa vimetimia.

Hakuvumilia haraka ya mtu. Ukimaliza mapema alikurudishia karatasi bila kuitazama. "Hii imefukuzwa na mbwa. Kaa chini." Wakati huohuo yeye mwenyewe alikuwa mtu wa mbio. Alitembea vichochoro vya Mji Mkongwe bega mbele, akiwapita watalii ubavuni kama mtu aliyeacha chungu motoni. Alikula amesimama. Alimalizia watu maneno yao, mara nyingi vibaya. Siku moja tulipokwenda kumtazama Idi pili, mkewe alisema mbele yake, huku akitumiminia chai:

"Mume wangu anafundisha utaratibu kwa mbio. Siku ya harusi yetu alifika kabla ya shekhe. Wakamkuta kakaa peke yake jamvini, wakadhani ni mtu kaja kuwahi biriani."

"Ningechelewa ungeolewa na mwengine," Mwalimu akasema.

"Na mie ndo nnalolijutia."

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Walikuwa hivyo siku zote, wakirushiana maneno kama watu wanaokunja shuka pamoja, kila mmoja na ncha yake.

Alikuwa na mambo yake mawili ambayo tuliyazoea bila kuyafikiria. La kwanza ni la kengele. Kengele yetu ya shule ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa karibu na ofisi. Ilipogongwa, madarasa mengine yalimwagika nje kama maji. Sisi hatukuruhusiwa kuinuka. Mwalimu alinyanyua mkono, akangoja mpaka mlio umalizike kabisa hewani, kisha akatutazama mmoja mmoja.

"Mmesikia nyote?"

"Naam."

"Na weye wa nyuma?"

"Nimesikia, Mwalimu."

"Haya, tokeni."

Tulifika kwa mama wa urojo wakati sufuria imebaki bajia zilizovunjika. Tulimchukia kwa hilo, chuki ndogo ya watoto wenye njaa.

La pili ni la adhana. Muadhini alipoanza, Mwalimu aliacha kila kitu. Haikuwa kwa uchamungu, maana sifa hiyo hakuwa nayo. Alisali, ndiyo, lakini jamaa zake wa msikitini walikuwa wakimtania kwamba safu ya kwanza anaisikia redioni tu. Alivuta sigara, alipenda taarab, na kwenye karata alikuwa akiiba waziwazi. Lakini adhana ilimkamata. Aliweka chaki chini, akatia mikono yote miwili kwapani, akasimama hivyo uso umemshuka, mpaka sauti ya mwisho ikaisha. Tulidhani ni unyenyekevu. Wengine wetu tuliiga, tukatia mikono kwapani, na yeye alipotuona alitukaripia kwa ukali ambao sikuuelewa. "Toeni mikono. Kila mtu aweke mikono yake ninapoiona."

Umaarufu wake, kama ndio jina lake, ulikuwa stempu moja. Kabla mimi sijazaliwa, karne ilipokuwa inakwisha, iliagizwa seti ya stempu juu ya kazi kubwa za karne hiyo, na wachoraji waligawiwa mada kwa barua. Mmoja alipata ndege. Mmoja alipata dawa za sindano. Mwalimu alipata viwanda: namna watu walivyoacha kutengeneza kitu kizima na kuanza kupangwa ubavuni mwa mkanda unaotembea, huyu anatia parafujo, yule anakaza, mwengine anapiga nyundo mara mbili, na gari linatoka mwisho wa mstari bila kuwepo mtu mmoja anayeweza kusema ameliunda. Barua ilikuja na picha ndogo ya kiwanda cha magari cha ng'ambo, imefifia kiasi kwamba hujui watu wangapi.

Hakuwahi kuona kiwanda cha magari. Alichokijua ni kiwanda kidogo cha ndara za mpira nje ya mji, ambacho sasa kimebaki kuta na magugu. Huko alikuwa msimamizi wa zamu kabla hajawa mwalimu. Basi akachora mkanda ule ule wa ndara, akaweka juu yake mifupa ya magari, na kandoni akapanga wafanyakazi kumi wa Unguja na kofia zao na kanga zao. Picha yenyewe ya asili ni kubwa kama sinia ya watu wanne. Wakamrudishia: watu wa kiwanda kile hawakuvaa kanga. Akafuta kanga, akavika maovaroli. Nyuso hakuzigusa. Ndiyo maana wale mafundi wa ng'ambo wana macho na pua za watu wa Malindi na Jang'ombe, na mmoja wao ana alama ya sijda kwenye paji la uso.

Walilolikataa zaidi lilikuwa kengele. Ukutani, juu ya mkanda, alikuwa amechora kengele ya shaba kubwa kuliko kichwa cha mtu, kamba yake imening'inia. Waliandika kuuliza ya nini. Akajibu kwamba haiondoki. Wakaandika tena, akajibu neno lile lile. Mwishowe hawakubishana naye. Walipopiga chapa walikata sehemu ya juu ya picha. Kwenye stempu imebaki ncha ya kamba tu, kijistari kinachoshuka kutoka ukingoni, na wakusanyaji wa stempu wakaamini ni kasoro ya chapa.

Stempu hiyo alikuwa ameibandika kwenye daftari na kila mwaka alituonyesha kwa lenzi ya mkono. Tulipanga foleni.

"Mwalimu, hili gari au kitanda?"

"Kitanda cha wapi kina usukani?"

"Cha mtu mwenye haraka, Mwalimu."

Hata yeye alicheka. Kisha akafunga daftari na kusema, kwa sauti ya mtu anayelalamikia joto, "Wamenikatia kengele." Kila mwaka alisema hivyo. Tulidhani ni maringo ya msanii.

Na kila Idi alitupa kazi, sisi wanafunzi wake wa Jang'ombe. Tulipita kwake, tukapewa sinia ya chakula iliyofunikwa kawa na doti ya kanga, tukavipeleka kwa Bi Zuhura. Bi Zuhura alikuwa anapokea kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameuficha ndani ya kanga, akiomba samahani kwa kutumia kushoto.

"Na huyo Mwalimu wenu kwani hana miguu?"

"Anakusalimia sana, Bi."

"Salamu zake zishanijaa ndani. Mwambieni aje mwenyewe nimwone uzee wake, nimcheke."

Hakwenda. Sijui mara ngapi tulimfikishia maneno hayo na mara ngapi alisema, "Inshaallah, wiki hii."

Bi Zuhura alimpenda, na hili ndilo lililonitesa kuliko yote. Alikuwa akisimulia hadithi ya vidole vyake bila uchungu, kama hadithi ya mtu mwengine mjinga kidogo. "Mtoto kanikesheza siku mbili, homa. Nkenda kazini macho mekundu kama nlokula pilipili. Nkasinzia mbele ya mashine, mashine nayo haijui mama wa mtu. Nlipozinduka hospitali, msimamizi wetu yuko pale kasimama. Wenziwe wote hawakuja. Na wakubwa walitaka waandike nlikuwa nnacheza, yeye ndiye kanifunika, kaandika nimesinzia. Wakaniachisha, lakini si kwa aibu."

Mwanaidi, binti yake, ndiye mtoto yule wa homa. Hakuolewa, anaishi na mama yake na kukaanga mihogo na bajia za kuuza jioni. Hadithi ile nimeisikia labda mara kumi na Mwanaidi yupo, na mara zote alikuwa na kitu cha kufanya kwa mikono, akichambua mchele au kumenya. Mara moja tu alisema, bila kuinua macho, "Ungeniacha nikalia tu, mama." Bi Zuhura akamjibu, "Ningekuachaje na wewe unaungua?" Wakanyamaza wote wawili, kimya cha watu walioshafika hapo mara nyingi na kurudi.

Mwaka huu, baada ya kumaliza chuo na kukaa nyumbani miezi kumi nikiandika barua za kuomba kazi, nilipata kibarua cha muda: kuandika maelezo mafupi ya picha kwa maonyesho madogo ya stempu za zamani kwenye nyumba moja ya Mji Mkongwe. Nikasema namjua mtu mwenye picha ya asili ya stempu moja. Wakafurahi. Nami nikafurahi, nikaandika maswali ishirini na mawili kwenye daftari, nikayapunguza yakawa tisa, nikaenda.

Mapafu yalikuwa yamemwisha Mwalimu. Alikuwa amelala karibu na dirisha, mito mitatu mgongoni, amekonda kiasi kwamba fulana ilimkaa kama ya kaka yake. Mikono tu ndiyo iliyobaki na ukubwa wake. Mkewe alishusha picha kutoka juu ya kabati, imefungwa kwa shuka, akaifungua miguuni pake. Sikuwahi kuiona ya asili. Rangi zilikuwa hai kuliko nilivyodhani, na mikono, mikono yote ishirini, ilikuwa imechorwa kwa uangalifu ambao nyuso hazikupewa. Wa tatu kutoka kushoto alikuwa mwanamke kijana. Nilimjua kwa kidevu.

"Huyu si Bi Zuhura?"

"Umemjua," Mwalimu akasema.

Nikafungua daftari, nikauliza swali la kwanza kama nilivyoliandika. "Kengele hii ni ya nini?"

Akamwambia mkewe, "Hebu kanitazamie kama mtu wa dawa keshafungua."

"Mtu wa dawa anafungua saa nne na weye unajua. Sema tu nitoke."

"Basi toka."

"Ndo lugha hiyo," mkewe akasema, akachukua ushungi wake akatoka. Nilimsikia akishuka ngazi polepole.

Yaliyofuata aliyasema vipande vipande, akipumzika katikati, na mimi nayaweka pamoja. Mkanda wa kiwanda ulikuwa na miendo miwili, wa kawaida na wa haraka. Kabla ya kuongeza mwendo, msimamizi alipiga kengele. Wafanyakazi wote walitoa mikono kwenye mashine na kuinyanyua juu. Msimamizi akiona mikono yote, ndipo anavuta mkono wa mwendo, ule wa chuma. Sheria hiyo aliitunga yeye mwenyewe na alijivunia, maana zamu nyingine zilikuwa zinaumia na yake haikuumia.

"Siku ile kuna mzigo unasubiri meli," alisema. "Adhuhuri. Nkenda kwenye kamba, mkono nshauweka, muadhini akaanza. Msikiti ulikuwa ukuta kwa ukuta na sisi. Na kwetu kengele haipigwi juu ya adhana. Hakuna alotuandikia. Haipigwi tu. Watu wanafanya kazi kimya, wanamwitikia midomoni, akimaliza ndo wanakwenda kusali kwa zamu."

"Ukangoja," nikasema, ingawa nilishajua.

"Ningengoja. Adhana ni muda gani? Hata chai haipoi." Akavuta pumzi. "Kamba nliiacha, nkaona vibaya kuipiga. Mkono wa mwendo haupigi kelele. Nkauvuta."

Nikaiweka kalamu chini.

"Alikuwa macho," Mwalimu akasema. "Nlikuwa nnamtazama. Midomo yake inatembea, anamwitikia muadhini. Hakusinzia, mwanangu. Mkanda ulimkimbia."

Nikamuuliza kwa nini basi Bi Zuhura mwenyewe anasema alisinzia. Hilo ndilo swali ambalo halikuwa kwenye daftari, na mpaka leo nadhani ningeliacha ningelala.

"Kaniuliza yeye. Alipozinduka. Akatazama bendeji, akanitazama mie, akasema, 'Nlisinzia, Msimamizi?'" Mwalimu akafumba macho. "Nkamwambia, eee. Nkatoka pale nkaenda kuandika."

Ndipo aliponituma. Nimwambie Bi Zuhura kwamba Mwalimu ni mgonjwa, anaomba radhi kwa lolote lililopita baina yao. Nisimfungulie. "Atasamehe," alisema. "Namjua. Hataki hata kuuliza." Mkewe alikuwa anapanda ngazi. Nikasema naam. Nikaifunga picha kwa shuka lake, nikaondoka nayo kwa ajili ya maonyesho.

Siku tatu nilizozitaja zilianza hapo. Niliandika maelezo ya picha mara nne. Andiko la kwanza lilisema kengele ni alama ya nidhamu ya kazi. Nikalichana. La pili lilisema mchoraji alitaka kuonyesha uwiano kati ya zamani na sasa, na hilo nililichana haraka zaidi kwa sababu lilisikika vizuri. Nikaenda kwa imamu wa mtaa, nikamuuliza kwa mafumbo: mtu akisamehe asichokijua, msamaha unasihi, unahesabika? Akanieleza kwa upole kwamba wapo wanavyuoni wanaosema unatosha na wapo wanaosema hautoshi mpaka ajue. Nikatoka na shaka mbili badala ya moja.

Niliwaza kwamba Mwalimu ana haki ya kusitiriwa. Niliwaza kwamba mgonjwa asibanwe. Niliwaza juu ya sinia zote zile za Idi, nilizozibeba kwa mikono yangu mwenyewe, na nikajiuliza kama zilikuwa wema au zilikuwa kitu cha kuzibia mdomo wake mwenyewe. Nadhani zilikuwa vyote viwili. Nadhani sheria aliyoitunga ilikuwa nzuri kweli, na vidole alivyotuhesabia vilikuwa upendo kweli, na bado alisimama hospitali akasema eee. Kila nilipojaribu kuliondoa moja ili lile jengine lisimame peke yake, sikuweza.

Lakini kilichonikatia shauri hakikuwa fikra. Asubuhi ya siku ya nne nilipita mlangoni kwa Bi Zuhura kwenda dukani. Mjukuu wa jirani alikuwa amelala barazani, na Bi Zuhura akamwambia mama wa mtoto, kwa mzaha tu, "Mwamshe huyo. Kulala si mahali pake kulinigharimu mie." Akacheka. Aliusema mzaha ule kwa wepesi mkubwa, na nikajua umeshasemwa mara elfu.

Sikwenda dukani. Nilikwenda Mji Mkongwe.

Hali ya Mwalimu ilikuwa mbaya zaidi. Sauti yake ilikuwa imebaki nusu. Mkewe safari hii hakungoja kutumwa. Alinitazama, akamtazama mumewe, akateremka mwenyewe.

"Kasamehe?" Mwalimu akauliza.

"Sijamwendea bado." Nilikuwa nimeyakariri maneno njiani, tangu Mkunazini. "Mwalimu, siwezi kumwomba vile ulivyosema. Nitamwambia lote, au sitamwomba kabisa. Nimekuja ujue kabla, nisifanye kwa siri."

Alinitazama muda mrefu. Nilidhani atanifukuza. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira yake, kwa machozi, hata kwa kuniambia nimrudishie picha yake. Sikuwa nimejitayarisha kwa lile alilouliza.

"Na akikataa?"

"Nitakuja nikwambie, Mwalimu."

"Hata nikiwa vipi?"

"Hata ukiwa vipi."

Aligeuza uso dirishani. Nje kulikuwa na mtu anapaka rangi mlango na redio yake. Mwalimu alihema mara kadhaa, kila pumzi kama anaipandisha ngazi.

"Umri wako mdogo weye," akasema. "Unadhani kusema ni kumaliza." Kisha, baada ya muda, "Mwambie na ile ya adhana. Usiiache."

Sikujua, na sijui, kama aliitaka iwemo kwa kuwa ndiyo udhuru wake au kwa kuwa ndiyo aibu yake kubwa kuliko zote. Nilitaka kumuuliza. Nilitazama mikono yake juu ya shuka, nikaona haifai kumuuliza. Nikasema naam. Safari hii naam hiyo niliikusudia.

Nilipitia kwenye nyumba ya maonyesho kuichukua picha, nikafika kwa Bi Zuhura kabla ya adhuhuri. Alikuwa uani juu ya mkeka. Mwanaidi alikuwa jikoni, mafuta yanalia.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini kikubwa hivyo, unahama?"

Nikalifungua shuka mbele yake. Aliitazama akiwa amekunja uso.

"Wazungu hawa?"

"Watazame nyuso, Bi."

Akasogea. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto kikaanza kwenda kwenye picha bila kuigusa. "Huyu marehemu Makame. Huyu yule wa Malindi, mpenda ugomvi." Akafika wa tatu kutoka kushoto. "Na huyu… alaa." Akacheka kwa sauti ndogo. "Kanipa vidole vyote, maskini."

Nikamwambia. Niliisema kwa mpangilio, bila kupamba, nikiangalia mkeka: mzigo, kamba, muadhini, mkono wa mwendo. Kisha hospitali, swali lake, na jibu la Mwalimu. Nilipomaliza sikuthubutu kuinua macho. Jikoni Mwanaidi alikuwa akitia bajia nyingine.

"Nliisikia adhana," Bi Zuhura akasema.

Nikainua macho.

"Nliisikia. Nakumbuka nlikuwa nnaitikia, nkafika kwenye *hayya alal-falah*. Miaka yote najiambia, Zuhura, hata usingizini ulikuwa unaota adhana." Aliutoa mkono wa kulia ndani ya kanga, akauweka juu ya goti lake, akautazama kama umeletwa na mgeni. "Haikuwa ndoto."

"Haikuwa, Bi." Nilikuwa nimeahidi, nikaendelea. "Mwalimu hana siku nyingi. Anaomba radhi yako."

"Hiyo iweke hapo kwanza."

"Nimwambie nini?"

"Nimekwambia iweke hapo." Hakuinua sauti. Aligeuza kichwa upande wa jikoni. "Mwanaidi."

"Naam."

"Zima jiko uje."

"Mafuta yashapata moto, mama, bajia zitakunywa—"

"Zima, mwanangu. Njoo ukae hapa."

Mwanaidi alikuja akijifuta mikono kwenye kanga, akanisalimu, akaitazama picha, kisha mama yake, akakaa ukingoni mwa mkeka kama mtu anayetarajia kuinuka tena. Bi Zuhura alimshika goti kwa mkono ule wa kulia.

"Mwambie na huyu," akaniambia. "Lote. Anza kwenye kamba ya kengele, na umtazame yeye."

Nikamtazama Mwanaidi, nikaanza.